Springi Hubeba, Shokapu Hutuliza
(Mazungumzo na wenye magari, madereva na mafundi wa vikundi vya maendeleo)

  Tunajua gari ya kikundi ikisimama hata saa mbili, maziwa yanaanza kuharibika na abiria wanapanda gari ya mwingine. Kwa hivyo hatutazunguka sana, tutaingia moja kwa moja katika jambo lililotuleta.

Mlituomba tuzungumze juu ya kubadilisha na kuimarisha springi na shokapu ili gari ishike barabara vizuri. Ni jambo jema, na vikundi vingi vinalitolea pesa. Lakini tumeona mara nyingi jinsi linavyofanywa. Kikundi kinanunua pikapu. Baada ya miezi michache inaanza kuinama nyuma. Mtu anasema, "Ongezeni springi." Zinaongezwa, gari inasimama juu, kila mtu anafurahi. Wiki inayofuata mzigo nao unaongezwa, kwa sababu "sasa inaweza." Siku moja gari hiyo inateremka mlima, mvua imenyesha, kona iko mbele, na dereva anagundua kwamba gari iliyosimama juu si lazima iwe gari inayoshika barabara.

Hilo ndilo neno letu la leo. Kusimama juu ni jambo moja, kushika barabara ni jingine. Mkilishika hilo, mengine yote tutakayosema yatakuwa rahisi.

KILA KITU NA KAZI YAKE

Hebu tuanze na springi. Kazi yake ni kubeba. Ziko za mviringo, zile za koili, na ziko za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama zile za nyuma ya pikapu na lori. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, springi inajikunja ili mwili wa gari usirushwe. Lakini springi ina tabia moja: kile ilichopokea hukirudisha. Ukiikandamiza, itakusukuma. Ukiiacha peke yake itapanda na kushuka, itapanda na kushuka, mpaka ichoke yenyewe.

Hapo ndipo inapoingia shokabzoba, au kama wengi wetu tunavyosema, shokapu. Hii haibebi mzigo. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Springi inaporuka, mafuta hulazimishwa kupita katika matundu hayo, na ule mruko unageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukishika shokapu nzima baada ya safari ya barabara mbaya utaikuta ina moto. Imefanya kazi yake: imeituliza springi na kulirudisha tairi chini.

Kisha kuna bushi, zile raba zilizo katika maungio ya vyuma. Kuna boljointi zinazoruhusu magurudumu ya mbele kugeuka. Na katika magari mengi kuna chuma cha stabilaiza kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto ili gari isilale sana kwenye kona. Hivi vyote ni kama viungo vya mwili. Mtu anaweza kuwa na misuli yenye nguvu, lakini goti likilegea hatafika mbali.

Mwisho, na watu wengi husahau, ni tairi. Gari nzima, na mzigo wake, na roho za watu walio ndani, vimeshikwa na barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikitoshana hivi na kiganja cha mkono. Kazi yote ya springi na shokapu ni kuhakikisha viganja hivyo vinne haviachi ardhi. Tairi likiwa hewani halipigi kona na halishiki breki, hata breki zikiwa mpya.

KWA NINI SPRINGI NGUMU HUDANGANYA

Sasa tuseme umeongeza bapa mbili kila upande. Ukiwa na mzigo, gari iko sawa. Lakini gari ya kikundi huenda na mzigo na kurudi tupu. Ikiwa tupu, springi zile ngumu hazijikunji. Kwenye barabara ya murram yenye mawimbi gurudumu linadunda kama mpira. Dereva anahisi nyuma inataka kupita mbele. Anakanyaga breki, tairi liko hewani. Tena shokapu ni zilezile za zamani, zilizotengenezwa kutuliza springi laini. Springi imeongezwa nguvu, mtulizaji hakuongezwa. Ni kama kumpa mtoto fahali aliyekuwa akichunga ndama.

Kuna jambo lingine ambalo hata mafundi wengine hawalijui, nalo ni la hatari sana. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyofungwa chini, karibu na ekseli ya nyuma, na ina kijiti kinachoifuata ekseli. Vali hii hupima nafasi iliyo kati ya mwili wa gari na ekseli. Gari ikiinama, vali inajua kuna mzigo, inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Gari ikisimama juu, inajua ni tupu, inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza. Sasa wewe umeongeza springi. Gari imebeba mzigo kamili lakini haikuinama. Vali inafikiri gari ni tupu! Breki za nyuma zinapata nguvu kidogo, na za mbele zinabeba kazi yote. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu au kona za kuteremkia daraja la Nithi, hilo si jambo dogo. Kwa hivyo yeyote anayebadilisha springi za nyuma za pikapu lazima aiangalie vali hii na kuirekebisha kama kitabu cha gari kinavyosema. Fundi akikwambia haijui, tafuta mwingine.

Tuseme pia juu ya kuinua gari kwa kuweka speisa juu ya springi. Tumewaletea kisanduku cha kiberiti. Tukikilaza na kukisukuma kwa kidole, kinateleza tu. Tukikisimamisha wima na kukisukuma vilevile, kinaanguka. Kiberiti ni kilekile, upana wake wa chini na kimo chake ndivyo vilivyobadilika. Gari iliyoinuliwa, kisha ikafungwa magunia kwenye keria, ni kiberiti kilichosimamishwa. Na kona haina huruma kwa mwenye mbio. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukaenda 60 katika kona ileile, nguvu ya kukusukuma nje haiongezeki nusu, bali inazidi mara mbili.

Speisa kubwa pia huvuta mipira ya breki, huweka mashafti ya magurudumu ya mbele katika pembe isiyo yake, na huharibu alainmenti. Matairi yanaliwa upande mmoja, na kikundi kinalalamika kwamba "matairi ya siku hizi ni mabaya."

TULIFUNZWA NA PEUGEOT

Wazee walio hapa wanaikumbuka Peugeot 504, hasa ile stesheni wageni iliyobeba watu wa masafa marefu katika nchi hii miaka mingi. Gari hiyo ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968, na ilishinda mashindano yetu ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Je, springi zake zilikuwa ngumu? Hapana. Ilikuwa gari laini. Siri yake ni kwamba magurudumu yaliruhusiwa kupanda na kushuka mwendo mrefu, na shokapu zililingana na springi. Ile ya stesheni wageni, kwa vile ilitakiwa kubeba, iliwekwa springi nne za koili nyuma, mbili kila upande. Wahandisi waliongeza nguvu, lakini waliongeza kwa hesabu, wakilinganisha springi, shokapu, ekseli na breki pamoja.

Hata leo magari ya Safari Rally, ambayo ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, hayategemei springi ngumu ili kupita kwenye mawe na vumbi. Sehemu inayotegemewa sana ni shokapu. Basi kama wao wenye mbio wanaanza na utulivu, sisi wenye maziwa na abiria tunakimbilia ugumu kwa nini?

FUATENI MPANGO HUU

Kikundi kikiwa na pesa za kuboresha gari, zisitumiwe ovyo. Fuateni mpango huu, mkianza na kilicho rahisi.

1. Tairi na upepo. Soma kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Kinasema upepo wa mbele na wa nyuma, ukiwa na mzigo na ukiwa huna. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Gari nyingi zinazosemekana "zinayumba" hupona hapa, na umetumia shilingi chache tu.

2. Bushi, boljointi na tairodi endi. Inua gari, iweke juu ya stendi imara. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Kisha kulia na kushoto. Likicheza, tafuta kilicholegea. Bushi iliyopasuka ibadilishwe. Na hapa mafundi tusikilizane: bolti za bushi za raba zisikazwe mwisho gari ikiwa inaning'inia. Ishusheni kwanza isimame kwa magurudumu yake, ndipo mkaze. Mkikaza ikiwa juu, raba inajipinda siku zote na itapasuka mapema, kisha mtasema spea ilikuwa feki.

3. Shokapu. Angalia kama zinatoa mafuta. Angalia kama tairi limeliwa vipande vipande, hapa bonde, pale kilima. Kwa gari ndogo, kandamiza kona moja ya gari kisha uachilie. Ikipanda na kutulia, ni nzima. Ikiendelea kucheza, imechoka. Badilisheni mbili kwa pamoja, ya kulia na ya kushoto, hata kama moja inaonekana nzuri. Kabla ya kufunga shokapu mpya ya mafuta, isimamishe wima uivute na kuikandamiza mara kadhaa ili hewa itoke. Wala usiishike fimbo yake inayong'aa kwa plaisi. Alama ndogo tu pale itakata sili, na mafuta yatamwagika.

4. Springi. Hapa ndipo tufike baada ya hayo matatu, wala si kabla. Kama springi imevunjika au imelala, weka nyingine ya aina ileile. Kama kazi ya gari ni mizigo kila siku, tafuta springi nzito zilizotengenezwa kwa gari hiyo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Yu-bolti zilizokwisha vutika zisirudishwe. Nunua mpya, na baada ya kilomita mia chache zirudie kuzikaza.

5. Alainmenti, vali ya breki na taa. Kazi yoyote ya springi ikiisha, gari iende alainmenti. Vali iangaliwe. Taa zielekezwe upya, kwa sababu gari ikibadilika kimo, taa nazo hupiga machoni mwa wanaokuja au hupiga chini karibu na bampa.

Onyo moja kwa vijana wa gereji. Springi ya koili iliyo kwenye shokapu ya mbele imebanwa kwa nguvu nyingi. Msifungue nati ya juu bila chombo cha kuibana springi. Ikiruka inaweza kuua mtu.

UZITO NI UZITO

Tumesema mengi juu ya vyuma. Sasa tuseme ukweli ambao hautawafurahisha wengine. Springi mpya haibadilishi uzito ambao gari iliruhusiwa kubeba. Chasi ni ileile, ekseli ni ileile, breki ni zilezile.

Fanyeni hesabu nasi. Pikapu ya tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, basi. Na maziwa? Lita moja ina uzito wa kilo moja na zaidi kidogo. Mikebe 20 ya lita 50 ni lita 1,000, yaani kilo kama 1,030, na hatujapima mikebe yenyewe. Ongeza watu wanne, tuseme kilo 70 kila mmoja, hiyo ni 280. Tayari mmepita, na bado pale njiani kuna mama mwenye gunia la viazi anayepunga mkono. Uzito wa jumla ulioandikwa na watengenezaji unahesabu gari, mafuta, mzigo na watu wote. Hauhesabu "tutaenda polepole tu."

Tunajua kwa nini inafanyika. Safari mbili ni petroli mara mbili. Mkopo wa gari unangoja. Mwenyekiti anaulizwa faida iko wapi. Hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Lakini mhesabu pia tairi zinazopasuka, ekseli zinazokatika, na siku gari inapolala gereji. Halafu mhesabu kile kisichohesabika, yaani dereva mwenye watoto, na wale akina mama wanaokaa nyuma juu ya mikebe, mahali ambapo hawakupaswa kukaa hata kidogo. Haraka haraka haina baraka, na mzigo wa kupita kiasi ni haraka ya aina nyingine.

Dereva naye apewe sauti. Dereva akisema, "Gari hii leo haiko sawa," kikundi kimsikilize. Kama kila akisema anaambiwa yeye ni mwoga au mvivu, siku moja atanyamaza, na ukimya wake utatugharimu. Tunapendekeza kila gari iwe na daftari. Dereva aandike alichosikia, fundi aandike alichobadilisha, mweka hazina abandike risiti. Spea iliyotolewa irudishwe kwa kikundi muione kwa macho.

MASWALI YALIYOULIZWA

Je, kuongeza bapa moja tu ni vibaya?
Si vibaya kama mzigo unabaki ule ulioruhusiwa, bapa ina umbo linalofanana na zile nyingine, imewekwa pande zote mbili, yu-bolti mpya zinatosha urefu, na vali ya breki imerekebishwa. Lengo liwe kuzuia gari kukalia ekseli. Lisiwe kuongeza gunia.

Shokapu za mitumba kutoka Japani zinafaa?
Kumbukeni kwamba mwenzetu kule amekwisha zitumia. Mkilazimika, isimamisheni wima, ivuteni na kuikandamiza. Iwe nzito sawasawa mwendo wote. Mahali ikiteleza ghafla bila nguvu, imekufa. Ikiwa na unyevu wa mafuta, iacheni dukani. Kwa gari ya abiria, sisi tunasema nunueni mpya.

Bushi ngumu za plastiki ni bora kuliko za raba?
Hukaa muda mrefu na usukani hujibu upesi. Lakini hupeleka kishindo chote mwilini mwa gari, na kwa barabara zetu za mawe utakisikia. Kwa gari nyingi raba nzuri inatosha.

Kijana mmoja aliuliza: nikikata springi gari ishuke, si itashika kona vizuri?
Kushuka kidogo husaidia kwenye lami safi, hilo ni kweli. Lakini springi ya mizunguko 8 ukikata 2 inakuwa ngumu zaidi kwa thuluthi moja, na shokapu yako haijui habari hizo. Ukikata kwa moto wa gesi unaharibu chuma chenyewe, na kinaweza kuvunjika. Halafu kuna matuta, kijana wetu. Matuta ya hapa kwetu utayapitaje?

Nani alipe, kikundi au dereva?
Gari ni ya nani? Basi mwenye gari ndiye mwenye kulipa. Dereva alipe kwa kuitunza, kwa kwenda taratibu kwenye mashimo, na kwa kusema mapema.

KWA KUMALIZIA

Tukirudi makwetu, kila kikundi kifanye mambo mawili wiki hii. La kwanza, someni kibandiko cha mlangoni na mpime upepo. La pili, laleni chini ya gari, ikiwa juu ya stendi, na mhesabu bushi zilizopasuka na shokapu zinazotoa mafuta. Hayo hayahitaji pesa, yanahitaji macho na tochi. Mkiisha, mtajua pesa za kikundi ziende wapi kwanza, na huenda mkakuta hamkuhitaji springi hata moja.

 Nendeni salama, na mrudi salama.